Weenink Hakuhitaji Kumpita Euwe

Jumamosi nilimpangia kijana mmoja fumbo la chesi: nyeupe inaanza, hatua ya pili mfalme mweusi amekwisha, weusi wajitetee watakavyo. Akatoa simu, akapiga picha ubao. Jibu likatoka kabla sijaketi. "Tayari, anko. Halafu hali kama hii haitokei kwenye mchezo wa kweli."

Anko! Hilo nilimsamehe.

Nikamtolea Henri Weenink. Mholanzi, mtunzi wa mafumbo, na mwaka 1930 alishinda mashindano ya Amsterdam mbele ya Max Euwe, yule aliyekuja kumvua Alekhine ubingwa wa dunia mwaka 1935. Kijana akanyamaza kwa adabu. Hapo nikajichukia mwenyewe. Kwani mtunzi hadi aombewe heshima kwa kikombe? Ni sawa na kumsifu malenga kwa kuwa anajua pia kukimbia.

Weenink aliandika Het Schaakprobleem mwaka 1921, kitabu kizima juu ya mawazo na shule za utunzi. Mwaka 1926 kikatoka kwa Kiingereza katika mfululizo wa Alain White, Mmarekani aliyewazawadia wapenzi wa mafumbo vitabu kila Krismasi. (Mimi Krismasi hupewa kalenda.)

Na utunzi si mchezo wa kitoto. Ufunguo, yaani hatua ya kwanza inayolitegua fumbo, ni mmoja tu. Ukionekana wa pili, fumbo limeoza. Kuanza kwa kumpiga mfalme cheki, yaani kumshambulia moja kwa moja, ni ushamba. Kitunda kisicho na kazi hakikai ubaoni. Lililo tamu ni lile ambalo hatua ya kwanza inaonekana ya kipuuzi, pengine inamfungulia mfalme mlango wa kukimbilia, kisha kila mlango anaoupita una kifo chake. Hilo simu hailioni. Inahesabu tu. Ukitegewa kitendawili ukanong'onezewa jibu, umepata nini?

Haya, programu humsaidia mtunzi kukagua kama hakuna ufunguo wa pili. Nimekubali, tusirudie.

Weenink alikufa kwa kifua kikuu Desemba 1931, ana miaka 39. Miaka 39! Mimi katika umri huo nilikuwa bado nasahau farasi wangu wanakoshambuliwa.

Jana kijana alirudi. Nikampangia jingine, simu nikaiweka mfukoni mwangu. Chai yake ilipoa, na magharibi ilipoadhiniwa bado alikuwa ameinamia ubao, akinizuia nisimwambie.