Paneli za alumini hazipozi nyumba, jamani

Jana usiku saa tatu nimefika kwa bimkubwa Mbagala namkuta kahamishia godoro barazani. Nikaingia chumbani kwake nikaweka kiganja ukutani, ule upande wa magharibi, jamani unachoma kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Na ndo ukuta tuliouvisha paneli za alumini mwaka jana, hela tumechangishana watoto wote, sababu fundi alituambia "bosi, hii haipitishi joto kabisa."

Inapitisha! Paneli ya milimita 4 ni karatasi mbili za alumini za nusu milimita, katikati plastiki ya milimita 3, basi. Alumini ndo hiyo hiyo ya masufuria! Chukua rokwuli, ile sufi ya mawe, sentimita 5 tu, inazuia joto zaidi ya mara 100 ya hiyo plastiki. Kinachozuia joto ni kile kinachokaa nyuma ya paneli, na nyuma ya paneli za bimkubwa hamna kitu, ni tofali za inchi 6, halafu chini na juu wameziba na silikoni kwahiyo hewa ikishachemka mle haina pa kutokea, joto linaingia kwenye tofali na usiku kucha linampikia mama yetu chumba. Rangi nayo tukachagua kijivu cha mkaa, inakunywa jua lote la jioni.

Sawa, mvua haiupigi tena ukuta na zile fangasi za pembeni ya dirisha zimeisha, hilo nakubali.

Nilitaka tukate silikoni hewa ipite, ila nikakumbuka Grenfell Tower, lile ghorofa la makazi lililoungua kule London, Juni 14, 2017, watu 72 walikufa, na paneli zilizosambaza moto zilikuwa za alumini zenye polithini, yaani plastiki, katikati. Moto ukiingia kwenye ule uwazi unapanda kama kwenye bomba la moshi. Na bimkubwa anabandika jiko la mkaa pale pale chini ya ukuta! Nimelihamishia uani usiku ule ule.

Wazee wa Lamu na Unguja walilijua joto hili, wakajenga kwa matumbawe na chokaa, ukuta nene karibu nusu mita, nje mweupe usinywe jua.

Jumamosi tunabandua zote. Ukuta tunaupaka chokaa nyeupe kwanza, tukipata hela ndo tuweke rokwuli na bodi za saruji juu yake. Ukiletewa paneli muulize fundi nyuma inakaa nini na katikati kuna nini, asipokujibu usimpe hata advansi.