Mgombea akiwa peke yake jukwaani, utamjuaje?

Walioniudhi ni wenzangu kazini, hapa Columbus, Ohio. Asubuhi ya baada ya mdahalo wa Trump na Harris, Septemba 2024, nilitegemea watabishana kuhusu kodi na bei ya nyumba, maana ndivyo tunavyovililia kila siku. Wapi! Mada ni nani kamfuata mwenzake kumpa mkono, na nani kagoma kumwangalia mwenzake usoni. Na hawa ndio wa kutufundisha demokrasia!

Ila wana pointi. Mwaka 2000, kwenye mdahalo wa wagombea urais, Al Gore alikuwa na hoja zake nzito, lakini George W. Bush akiongea, yeye anashusha pumzi kwa nguvu, maikrofoni inadaka. Watu wakaona huyu bwana ana dharau. Mwaka 1992 Bush baba alitupia jicho saa yake huku mwananchi anamuuliza swali, na mpaka leo anasimangwa kwa saa ile. Uonevu kidogo upo, sikatai.

Sisi Kigoma mtu tunampimia wapi? Pale uwanja wa Mwanga Community mgombea anakuja na msafara wake, msanii wake na wapambe wake. Anapigia wazee magoti, anatupia maneno mawili ya Kiha, tumekwisha. Mwaka 2015 Magufuli alipiga pushapu jukwaani, nchi nzima ikashangilia. Sawa, lakini pale nani alikuwa anambishia? Mwaka 2020 wengine hata kwenye kura walipita bila kupingwa. Mimi nataka nimwone akiambiwa "hapo unadanganya" na mtu aliyesimama naye bega kwa bega. Atajibu, au atamwita mwenzake kibaraka?

Najua mtakachosema. Binamu yangu wa Ujiji keshanitumia sauti WhatsApp: "Umekula theluji, dagaa umesahau." Sijasahau, na kiburi sina. Mtaniambia mwaka 2020 Trump na Biden walikatizana kauli kama wapagazi wanaogombea mzigo Kibirizi, mpaka Biden akamwambia mwenzake anyamaze. Kweli, ilikuwa aibu. Lakini Wamarekani waliiona kabla ya siku ya kura. Sisi tunaionaga mtu akishaapishwa.

Eti wazee wetu hawapendi watu wazima wabishane hadharani. Wazee gani hao? Wa Ujiji kwenye kahawa wanabishana kutwa, na wanamjua kwa jina yule anayenuna akizidiwa hoja. Huyo hata daftari la michango ya msiba hapewi kushika. Akivaa kofia ya chama, jimbo tunampa.