Leta Ale

Mjomba alipiga marufuku simu mtumbwini baada ya simu ya tatu kuzama. Kwa hiyo yeye na wenzake wakiwa kwenye dagaa usiku, ukiwa na neno nao unapiga kelele mpaka sauti ikauke.

Mimi nikaja na ujuzi. Nilikuwa na programu kwenye simu: unaandika Kiswahili chako, inakurudishia nukta na vistari vya Morse, alfabeti ya kukonyeza kwa taa: mweko mfupi ni nukta, mrefu ni kistari. Nikanakili herufi zote kwenye karatasi, nikaifunga na nailoni, nikamkabidhi binamu yangu. "Ukiona kurunzi inakonyeza kutoka mwaloni, andika."

Jioni moja babu akatuingilia ghafla kutoka Kwimba. Nyumbani kuna mchicha tu. Bibi akanitazama, nikachukua kurunzi.

Ujumbe ulikuwa BABU AMEFIKA LETENI SATO ALE. Herufi 24, na mbu wa Igombe, kwetu ziwani, hawana subira. Nikaukata ukabaki LETA ALE. Kwa kanuni, kistari ni urefu wa nukta tatu, na kati ya herufi na herufi unanyamaza kwa muda huohuo; kati ya maneno, mara saba ya nukta. Lakini L haijaisha, mbu keshanikalia kisigino. Nikakonyeza mfululizo kama bodaboda anayeomba njia. Samuel Morse alipotuma ujumbe wake kutoka Washington hadi Baltimore mwaka 1844, sidhani kama alikuwa amevaa kaptula.

Kule mtumbwini binamu kaandika yote kwa mstari mmoja, kisha kakaa chini ya taa ya sola kuukatakata. L ni nukta, kistari, nukta, nukta. Yeye akakatia kwenye kistari, akapata A. Nukta tatu zinazofuata, S. Kistari, nukta, kistari: K. Usicheke, kahesabu mwenyewe. LETA ALE ikikosa nafasi ni ASKARI, haipungui nukta wala haizidi.

Mjomba, ambaye wavu wake una macho madogo kuliko sheria inavyotaka (na sisi tulilijua hilo siku hiyo), hakuuliza swali. Nikiwa ufukweni niliona taa zao zikizimika moja moja. Nikafurahi: umefika, wanakuja! Mara na mitumbwi ya jirani ikazima. Ziwa zima likawa giza.

Walirudi alfajiri wakipiga kasia, hawana dagaa, hawana wavu. Wavu ulikuwa chini ya ziwa. Babu alishakula mchicha wake akalala.

Nikaitwa. Nikaeleza kila kitu, nikichora nukta mchangani kwa kijiti. Bibi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alisikiliza huku akichambua mchele.

"Umesema uliandika 'leta'?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ni 'lete'."

Nikahesabu upya palepale, E mahali pa ile A. Haikutoka ASKARI. Haikutoka neno lolote.

Mjomba akaniomba kile kijiti.