Kutenganisha takataka Bukavu: tuanze na maganda, pubeli tatu zingoje

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mvua kubwa ikianza usiku utasikia milango ya parseli (viwanja vyenye nyumba) inafunguka, mtoto anatumwa mbio na mfuko, anamwaga kwenye mfereji, anarudi ameloa, maji yanabeba. Mimi pia nilitumwa hivo nikiwa mdogo. Kutoka pale uchafu wa mtaa wa Kadutu unashuka na mto Kawa mpaka ziwani, na ziwa Kivu mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Ruzizi, na pale mlangoni njo kuna baraji (bwawa la umeme) ya Ruzizi I iliyojengwa miaka ya 1950. Chupa yenye kifuniko inaelea, sashe (mfuko mwembamba wa plastiki) inaelea, zote zinaenda kujipanga mbele ya baraji, zinabana mashine, watu wa kule wanashinda ndani ya mitumbwi wakiokota, na sisi huku juu umeme unakatika.

Sasa kwenye makartie (mitaa) kuna mabishano, kwamba kila nyumba itenganishe uchafu wake, plastiki mbali, maganda mbali, vyuma mbali, yaani pubeli (pipa la takataka) tatu, halafu ilipe vijana wa kubeba kila mwezi. Kuna wanaosema ndiyo kabisa, kuna wanaosema mtuache.

Wale wa ndiyo wako na hoja nzito. Plastiki iliyolala siku nne ndani ya mabaki ya sombe (kisamvu) hakuna anayeitaka, ikiwa kavu angalau mtu anaweza kuishika. Tena maganda ya ndizi, ya mihogo na ya viazi yakitolewa mapema yanafaa kwa mbolea, kwa nguruwe, kuna hata vijana wanaoyakausha na kuyachoma wanatengeneza makala (makaa) ya kupikia, na ukijua bei ya gunia la makala hapa mjini huwezi kudharau kitu kama hicho.

Lakini angalia soko la Kadutu vizuri. Chupa tupu za maji ziko na wenyewe, mama anaziokota, anaziosha, anazipanga, kesho utaziona na mafuta ya mawese ama asali ama petroli ndani. Vyuma pia hivo hivo, kipande cha sufuria hakimalizi siku mbili barabarani. Hakuna aliyewafundisha hao watu kutenganisha, bei njo inatenganisha. Kinachobaki chini ni kile ambacho hakina bei: sashe nyeusi, pampa za watoto, mapile ya redio na tochi, na huko njo tatizo lenyewe liko. Ukitenganisha sashe zako vizuri ukazikunja, nani anazipokea? Wengi tunawashia makala na hizo sashe, moshi wote unaingia kwa mtoto aliye mgongoni, na hiyo nasema wazi ni vibaya, tuiache hata leo.

Wale wa hapana nao siwezi kuwaita wavivu, juu nilionja. Mwaka mmoja tulijiandikisha kwa vijana fulani wa kubeba uchafu, tukaambiwa mifuko miwili, tukafanya, mke wangu alisimamia jambo hilo kwa moyo miezi mitatu nzima, akifundisha hata wapangaji. Siku moja nikakutana na yule kijana kwenye kona anamwaga mifuko yote miwili ndani ya chukudu moja, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Nikamuuliza, akanijibu bila hasira: «Kaka, kule ninapoenda kumwaga shimo ni moja.» Nilikosa la kumwambia. Kumuomba mtu mifuko mitatu wakati mwisho wa safari kuna shimo moja ni kumchosha bure, na akishachoka mara moja hatakusikiliza tena.

Watu wanapenda kutuonyesha ng'ambo, kwamba Wanyarwanda wameweza. Ni kweli, wao walikataza sashe tangu 2008 na ukivuka Ruzizi nayo wanakunyang'anya mpakani. Lakini na sisi tuko na dekreti (amri ya serikali) ya Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe, na leo ukinunua nyanya tatu tu utapewa sashe. Kule walifunga bomba, huku tunabishana nani apanguse maji. Hapo lawama ni ya serikali, siyo ya mama Kadutu.

Na pesa je? Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 na benki zikafunga, kuna nyumba zinahesabu mlo, huwezi kugonga pale ukidai pesa ya uchafu.

Ila kuna kitu kimoja naona pande zote mbili wanakiruka: uzito. Mji wetu ni milima, parseli nyingi gari haifiki, mfuko unapanda ngazi za udongo kwenye mgongo wa mtu, na anakulipisha kulingana na mgongo wake. Sasa kinacholemea ndani ya mfuko ni maganda na maji yake. Toa maganda peke yake, mfuko uliobaki unaubeba kwa mkono mmoja, haunuki sana, hautoi funza, unaweza kungoja wiki mbili. Faida hiyo unaipata hata kama kule mbele shimo ni moja, haingoji meri (ofisi ya mji) wala komini. Kwa hiyo mimi niko upande wa kutenganisha, lakini mara moja tu, mbichi huku kavu kule, na mambo ya pubeli tatu tutayaongea siku watakapotuonyesha pa kuzimwaga.

Kweli, kwa familia sita ndani ya parseli moja isiyo hata na nafasi ya kuanika nguo, mbolea haiwezekani, panya watakuja. Kwetu tulipata mzee mmoja anafuga nguruwe huku juu, anapita asubuhi na bidoni (dumu) yake iliyokatwa mdomo, anachukua maganda ya parseli nzima bila kudai kitu. Sashe ndiyo tumekwama nazo. Nimezijaza ndani ya gunia la mchele nyuma ya mlango, gunia limekaribia kujaa, na bado sijapata wa kunipokea.