Mjusi wako anakua kweli, au umemzoea tu?

Mtoto unayemwona kila siku huwezi kujua kama anakua, hilo kila mzazi analijua, na kwa mjusi mwenye ndevu (bearded dragon), yule anayefugwa nyumbani, ni hivyohivyo, tena huyu hata kulia njaa hawezi. Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni mmoja: kumlea mtoto wa mjusi huyu bila mizani ni kubahatisha. Ile ya jikoni ya kidijitali inatosha, ila tafuta inayosoma hata nusu gramu, maana akitoka kwenye yai anakuwa na gramu 2 au 3 tu, na urefu kama sentimita 10 mpaka ncha ya mkia.

Nilianza na wawili, ndugu wa uzao mmoja, wana wiki 6, nikawaweka tangi moja kwa sababu aliyeniuzia alisema hawana shida wakikaa pamoja. Kwa macho walikuwa sawa kabisa, wote wanakimbilia nyenje, wote wanaota joto chini ya taa, na mmoja alikuwa anapenda kumpandia mwenzake mgongoni, nikawa nawapiga picha nikidhani wanapendana. Kumbe wa juu anachukua joto na mwanga wote, wa chini anabaki kivulini. Siku ya kwanza walikuwa na gramu 9 na 8. Wiki tatu baadaye nikawapima tena, mkubwa 24, mdogo 9. Tisa! Na ncha ya mkia wake haipo, imeng'atwa kipande kama punje ya mchele. Usiku uleule nikawatenganisha, na ndani ya siku 10 mdogo akafika 13.

Sasa rula. Watu wanapenda sana kuringia urefu, lakini mkia peke yake ni zaidi ya nusu ya mjusi mzima, na mkia wa hawa ukikatika hauoti tena, sio kama wa mjusi wa ukutani. Ukitaka urefu wenye maana pima kutoka puani mpaka kwenye tundu la haja, basi, mara moja kwa mwezi.

Uzito pima kila wiki, siku ileile, asubuhi kabla hajala. Weka bakuli la plastiki tupu kwenye mizani, isifurishe, kisha mweke mjusi ndani, subiri atulie. Usipime kila siku utajitia presha bure, manake haja kubwa moja inaweza kuwa gramu nzima, na kwa mtoto wa gramu 10 hiyo ni sehemu ya kumi ya mwili wake. Andika pia kama anajivua gamba, kwa sababu siku hizo wengi wanapunguza kula na wiki moja ya namba kusimama hapo sio ajabu. Wiki mbili mfululizo kwa mtoto wa chini ya miezi minne, mimi nakagua joto, nakagua taa, na napeleka kinyesi kwa daktari wa mifugo aangalie minyoo.

Na jamani tuache kulinganisha mjusi wako na wa mwingine. Mtu mzima anaweza kuwa na gramu 300 au 500 na wote wakawa wazima. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

Ila mizani haioni mifupa, na hili linaniuma kwa sababu nimeona mijusi wenye uzito mzuri kabisa na taya laini kama mpira, miguu inatetemeka, mifupa imepinda. Hapo ni kalsiamu, na mara nyingi ni taa ya UVB iliyochoka, ile yenye miale kama ya jua inayomsaidia mjusi kutumia kalsiamu, kwani inaendelea kuwaka vizuri tu machoni kwako huku miale yenyewe imeshapungua, na jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii maana kioo kinazuia miale hiyo. Kwa hiyo kila siku ya kupima mguse taya taratibu, mwangalie anavyosimama, na tarehe uliyobadilisha taa iandike ukurasa uleule wa uzito.

Yule mdogo wangu sasa ana miezi 9. Jumapili iliyopita mizani ilisoma 231, mkubwa 238, na mkia wa mdogo bado mfupi.