Zimeni Kipaza Sauti Kwanza

Wiki tatu zilizopita nilihudhuria siku ya michezo katika shule anakosoma mpwa wangu hapa Kampala, na hasira niliyorudi nayo nyumbani bado haijanitoka. Mpwa wangu ana miaka 11 na ni mnene. Katika mbio za mita 100 alikuwa wa mwisho, jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua kabla firimbi haijapulizwa, lakini alikimbia, tena alikimbia mpaka kwenye utepe. Naye mwalimu aliyeshika kipaza sauti, badala ya kuwaomba watu wampigie makofi, akatangaza kwamba trela linakaribia na tafadhali lipishwe njia. Uwanja mzima ukaangua kicheko, wazazi wakiwamo, nami nimeketi katikati yao na chupa ya soda mkononi, nisiseme neno.

Tangu hapo mtoto huumwa tumbo kila siku yenye kipindi cha michezo, na kwa miujiza tumbo hilo hupona gari la shule likishapita.

Sisi watu wazima tuna tabia ya kustaajabisha. Mtoto akiwa mchanga tunambinya mashavu na kumsifu mama yake kwamba mwana amenawiri, nyumba ile ina chakula. Akifika darasa la tano tunamgeuka, tunamwita kibonge na tipwatipwa, kisha tunauliza kwa mshangao kwa nini haonekani uwanjani akicheza na wenzake. Shuleni nako, anayechelewa huamriwa kuzunguka uwanja mara tano. Tumeyafanya mazoezi kuwa adhabu, halafu tunataka mtoto ayapende!

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na nchi yetu tangu mwaka 2018 ina siku yake ya kitaifa ya mazoezi, ambapo waheshimiwa huvaa raba mpya na kupigwa picha. Ni jambo jema. Ila dakika hizo 60 sijui zitoke wapi kwa mtoto anayechukuliwa na gari kabla ya mapambazuko, anayekaa kwenye dawati hadi jioni, na ambaye kipindi chake cha mazoezi kimo kwenye ratiba ukutani lakini kwa kweli huliwa na Hisabati kwa sababu ya mtihani wa darasa la saba. Viwanja vyenyewe vinazidi kumegwa ili yajengwe madarasa.

Lakini hata leo tukimpa mpwa wangu uwanja mpana na saa nzima, hatatoka. Daktari alimpima uzito na urefu, akatuonya kuhusu sukari, shinikizo la damu na magoti, na nakiri, ingawa sikupenda alivyolisema mbele ya mtoto, kwamba alikuwa na haki ya kutuonya. Nakiri pia kwamba chipsi na soda za kila Jumapili ni kosa letu nyumbani. Hata hivyo, hakuna aliyemuuliza mtoto analalaje, anakula na nani wakati wa mapumziko, au ni lini mara ya mwisho alipocheka mwenyewe badala ya kuchekwa. Kukimbia na kucheza humpa mtoto usingizi mzuri, humwondolea fadhaa na kumpatia marafiki, mambo ambayo mtoto huyu anayahitaji kuliko mwenzake mwembamba. Basi tunapomfukuza uwanjani kwa kicheko tunampokonya dawa ya mwili na dawa ya moyo kwa mkono mmoja.

Ningeomba mambo madogo tu. Apimwe kwa muda wake wa muhula uliopita, si kwa mgongo wa aliye mbele yake. Wagawanywe katika timu ndogo za watoto watano watano, magoli ya mawe, ili kila mmoja auguse mpira. Anayependa kucheza ngoma acheze ngoma. Na mwalimu wa mzaha apewe kazi ya kugawa maji.

Alasiri ya siku ile ile palikuwa na mchezo wa kuvuta kamba. Mpwa wangu aliwekwa mwisho wa kamba, akaizungusha kiunoni, akachimba visigino ardhini, na upande wake ukashinda mara mbili mfululizo. Umeme ulikuwa umekatika, kipaza sauti kimenyamaza, na watoto walikuwa wakiliimba jina lake kwa sauti zao wenyewe. Juzi nilimkumbusha ushindi huo tukiwa mezani. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mjomba, kwani trela huwa lina magurudumu mangapi?"