Mwili katika fasihi ya Ireland, na stara yetu ya Tanga

Huu ni mwaka wangu wa tisa Dublin, nikifanya kazi ya kutunza wazee, na jamaa zangu wa Tanga bado wananilaumu kwa kuwasoma waandishi wa Ireland, ambao kwao ni watu wasio na haya. Lawama hiyo naielewa. Katika Ulysses, riwaya ya James Joyce iliyochapishwa Paris mwaka 1922, Leopold Bloom anakaanga figo la nguruwe asubuhi, kisha anakwenda choo cha uani na gazeti mkononi, nasi tunabaki naye humo mpaka amalize na ajifute kwa kipande cha gazeti lilelile. Samuel Beckett, mzaliwa wa Dublin pia, aliwatia wazee wawili waliokatika miguu ndani ya mapipa ya taka katika tamthilia ya Endgame ya mwaka 1957, na wenyewe wanaulizana kuhusu mchanga waliowekewa chini yao. Joyce hunichekesha, Beckett, kwa kazi niifanyayo, hunitia uchungu.

Kwetu mambo haya yana tafsida zake, lakini kuyasitiri si kuyanyamazia. Kungwi humweleza mwali kila kitu bila kupepesa macho, na baba yangu alipofariki tulimwosha chini ya shuka, ami akimkanda tumbo taratibu huku akinielekeza kwa sauti ya chini nimwage maji wapi.

Ireland pahali pa kuyasemea palifungwa. Kanisa lilishika shule na hospitali nyingi, sheria ya mwaka 1929 ikaunda bodi ya kudhibiti vitabu, na Edna O'Brien aliposimulia tamaa za wasichana wawili katika The Country Girls, mwaka 1960, kitabu kikapigwa marufuku. Kwa maoni yangu, ndiyo maana kinyaa chote kikahamia vitabuni. (Ajabu ni kwamba Waireland hawamwogopi maiti: mara nyingi hulazwa nyumbani, jeneza wazi, majirani wakinywa chai kando yake.)

Kazini kuna mzee ambaye, kila nilipombadilisha nepi, aligeukia ukutani na kuniomba radhi. Mwanzoni nilimjibu kama tulivyofundishwa, kwamba si neno. Siku hizi namtandazia shuka kwanza, kama alivyofanya ami, kisha namwuliza anaumwa wapi, naye hunieleza.